Gari la umeme linasumbua kwenye baridi kali: dalili, chanzo na cha kufanya

Mtu akiingia msimu wake wa kwanza wa theluji na gari la umeme lazima apate presha. Kilomita zinapungua, chaji inajivuta, breki inajisikia tofauti, asubuhi mlango haufunguki, na akili inaenda moja kwa moja kwenye "betri imekufa". Tulia kwanza. Sehemu kubwa ya hayo siyo ubovu, ni baridi tu, na kujua kipi ni kipi ndo kazi nzima humu, maana ubovu unaenda kwa fundi ila baridi dawa yake ni joto na kujipanga. Kipimo nachokitumia mimi ni hiki: gari likishapata joto kisawasawa, yani limetembea nusu saa na zaidi au limepashwa likiwa kwenye chaji, tatizo linaondoka? Likiondoka ilikuwa baridi. Likibaki palepale ndo tunaanza kutafuta kilichoharibika.

Kidogo kuhusu betri yenyewe, bila hiki mengine hayaeleweki. Betri ya lithiamu inafanya kazi kwa chembe za lithiamu kuhama toka upande mmoja wa seli kwenda wa pili kupitia kimiminika kilichomo ndani. Kimiminika kikipoa kinakuwa kizito kama asali iliyolala kwenye friji, chembe zinapita kwa tabu, ukinzani wa ndani unapanda, kwahiyo betri inashindwa kutoa umeme mwingi kwa mkupuo na inashindwa zaidi kuupokea. Na kupokea ndo kwenye hatari, kwa sababu ukisukuma chaji kubwa kwenye seli iliyo chini ya nyuzi 0 lithiamu inaweza kujibandika juu ya grafaiti, ile kaboni ya upande unaopokea chaji, badala ya kuingia ndani yake, na hayo ni madhara ya kudumu. Kompyuta ya betri inalijua hilo, inabana. Kwahiyo mara nyingi unapoona gari "linagoma" kwenye baridi, linajilinda, na usitafute njia ya kulilazimisha.

Kilomita zimepungua sana

Hili ndo la kwanza kulalamikiwa na ndo lenye maelezo marefu. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari matano ya umeme mwaka 2019, na kwenye baridi ya karibu nyuzi 7 chini ya sifuri umbali ulipungua kwa wastani wa asilimia 41 hita ikiwa imewashwa. Bila hita ulipungua asilimia 12. Angalia hizo namba mbili vizuri, maana zinakwambia mwizi mkubwa ni nani. Baridi kwenye betri yenyewe inakula kidogo, kupasha joto kabini ndo kunakula sana. Gari la petroli linakupa joto la bure kwa sababu injini yake inatupa nishati nyingi kama joto, sasa mota ya umeme haipotezi kiasi hicho kwahiyo joto lote la kukukalisha vizuri linatoka kwenye betri ileile inayozungusha matairi.

Hapo inategemea gari lako linapata joto kwa njia gani. Kuna hita ya kawaida, inayochemsha hewa au maji kwa umeme moja kwa moja, hii inaweza kuvuta kilowati 5 au zaidi dakika za mwanzo na kushuka ikishapata joto. Alafu kuna pampu ya joto, inayofanya kazi kama friji iliyogeuzwa, inachukua joto lililopo nje hata kama kwako ni baridi na kulileta ndani, na kwa umeme uleule inakupa joto mara mbili mpaka tatu. Ila pampu nayo faida yake inapungua baridi ikizidi sana, chini ya nyuzi -15 hivi usiitegemee kama kwenye nyuzi 0. Kabla hujalinganisha gari lako na la jirani jua kwanza kila moja lina kipi, maana watu wanabishana bure wakati magari yao hayafanani kabisa.

Kingine kinachochanganya watu ni safari fupi. Ukitoka kilomita 4, ukapaki masaa mawili, ukatoka tena kilomita 4, kila mara gari linaanza upya kupasha kabini na betri iliyopoa, kwahiyo matumizi kwenye skrini yanaweza kuonekana mara mbili ya kawaida. Usichukue namba hiyo ukapigia hesabu ya safari ndefu, kwenye safari ya masaa matatu gharama ya kupasha inagawanyika kwa kilomita nyingi na wastani unashuka. Ila usisahau theluji barabarani, maji, upepo wa mbele na matairi ya msimu wa baridi, vyote hivyo vinavuta chini kidogo kidogo na havitoki hata gari likipata joto.

Cha kufanya: pasha gari likiwa bado kwenye plagi, dakika 20 mpaka 30 kabla ya kutoka, seti muda wa kuondoka kwenye aplikesheni ili umeme wa ukutani ndo ufanye kazi hiyo na siyo betri. Ukiwa ndani tegemea joto la kiti na la usukani kuliko kupasha hewa yote, kiti kinakula chini ya wati 100 mara nyingi, hita inakula maelfu. Shusha joto la kabini nyuzi mbili tatu, punguza spidi, hiyo ya spidi watu wanaidharau lakini inarudisha kilomita nyingi. Na safari ndefu panga kana kwamba una asilimia 60 tu ya umbali ulioandikwa kwenye karatasi ya gari, ukifika na ziada ni heri.

Kitu kimoja nakisisitiza: usizime hita kabisa ili uokoe kilomita. Vioo vinaingia ukungu, mikono inaganda, na dereva asiyeona mbele ni hatari kuliko betri ya asilimia 10. Kioo kikijaa ukungu washa kiyoyozi pamoja na joto, kiyoyozi kinakausha hewa, na fungua hewa ya nje iingie usizungushe ileile ya ndani.

Lini ni ubovu? Ukishapasha betri, ukaendesha safari ndefu, na bado asilimia zinaruka, mfano toka 25 kwenda 9 kwa dakika mbili, inawezekana kuna seli dhaifu. Ila kama betri yako ni ya aina ya LFP, yani lithiamu ya chuma na fosfati isiyo na nikeli, subiri kwanza. Volti ya LFP inabaki karibu palepale kwenye sehemu kubwa ya chaji, kwahiyo kompyuta inapata shida kukadiria, na baridi inaongeza utata. Jaza mpaka 100 kama mwongozo wa gari lako unavyosema kwa betri za LFP, wengi wanasema mara moja kwa wiki, uone kama hesabu inajirekebisha. LFP pia inaumia na baridi kuliko zile betri za lithiamu zenye nikeli, hilo ni tabia yake.

Chaji ya haraka inajivuta

Umefika kituo chenye chaja ya kilowati 150, umechomeka, skrini inakuonesha 28. Wa kwanza kulaumiwa ni chaja, lakini mara nyingi ni betri yako imekuja pale ikiwa baridi. Magari mengi ya sasa yanapasha betri yenyewe yakijua yanaelekea kuchaji, na yanajua kwa sababu umeweka kile kituo kwenye ramani ya gari kama unakokwenda. Ukitumia ramani ya simu gari halijui chochote, linafika limepoa. Hii tabia ndogo ya kuweka kituo kwenye ramani ya gari, hata kama njia unaijua umefumba macho, inaweza kukupunguzia nusu saa ya kusimama kwenye baridi. Weka mapema, siyo ukiwa umebakiza dakika tano, upashaji unahitaji muda na baridi kali unaweza kuhitaji nusu saa au zaidi. Na jua kwamba baadhi ya magari hayapashi betri kabisa ikiwa chaji imeshuka sana, kwahiyo usisubiri ufike asilimia 5 ndo utafute kituo.

Kama gari lako halina huo mfumo, panga kuchaji mwisho wa safari, betri ikiwa bado na joto la barabarani, siyo asubuhi baada ya kulala nje. Tofauti ya kuchaji jioni ukifika na kuchaji asubuhi kabla ya kutoka ni kubwa mno, na ukikaa kwenye sehemu ya baridi utaizoea mpaka iwe kawaida. Alafu kumbuka juu ya asilimia 80 chaji inapungua hata kiangazi, usihesabu hilo kama tatizo la baridi.

Januari 2024 Chicago ilipigwa na baridi kali na picha za magari ya umeme yaliyokwama kwenye vituo vya chaji zilizunguka dunia nzima. Watu wakasema magari haya hayafai baridi. Lakini mwaka huohuo Norway karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme tupu, na Norway baridi wanaijua. Mi naona tofauti ipo kwenye maandalizi: vituo vingi, watu wanachaji nyumbani usiku, na wanafika kwenye chaja betri ikiwa ya moto. Foleni yenyewe ndo inamaliza watu, unakaa saa nzima kwenye mstari, betri inapoa, hita inakula, ukifika zamu yako unachaji polepole na wa nyuma yako wanasubiri zaidi. Ukiona foleni ndefu na bado una chaji ya kufika kituo kingine, ondoka.

Chaja inakataa kuanza kabisa

Angalia ndani ya plagi na ndani ya tundu la gari kama kuna theluji au barafu kwenye pini, toa kwa brashi kavu, usipulize kwa mdomo maana pumzi ina unyevu na itaganda palepale. Waya za chaja kubwa zikipoa zinakuwa ngumu na nzito na zinaivuta plagi chini, kwahiyo pini haziingii mpaka mwisho na gari na chaja haviongei. Inyanyue plagi kwa mkono iwe sawa, isukume ndani, ishikilie hivohivo mpaka usikie ile kufuli ikisema tak, ndo uachie. Ikikataa hamia chaja ya pembeni kabla hujaanza kulilaumu gari. Vituo viwili tofauti vikikataa na betri ina joto, hapo mwone fundi.

Umechomeka nyumbani usiku kucha, asilimia haijapanda

Kama unatumia soketi ya kawaida ya ukutani yenye kilowati moja na nusu hivi, kwenye baridi kali sana gari linaweza kutumia karibu umeme wote huo kupasha betri tu, kinachobaki hakisukumi asilimia. Siyo chaja mbovu. Punguza vinavyokula, chaji mara baada ya kufika, paki sehemu iliyokingwa na upepo kama ipo, na ukiweza weka chaja ya ukutani yenye nguvu zaidi iliyofungwa na fundi umeme mwenye leseni. Waya wa kuongezea mwembamba usithubutu, unapata moto na nje kuna unyevu.

Plagi imegandia kwenye gari

Hili linaudhi kuliko yote kwa sababu umeshavaa, umeshachelewa, na gari lina chaji ya kutosha lakini waya hautoki. Kuna kijipini ndani ya tundu la gari kinachoifunga plagi, maji yakiingia pale usiku yanaganda na kijipini hakirudi. Unasikia mota ndogo ikijaribu, zzt zzt, na aplikesheni inasema imefunguliwa wakati haijafunguka.

Usivute kwa nguvu. Kwanza simamisha chaji kabisa, alafu isukume plagi ndani kwa kiganja, huku unaisukuma bonyeza kufungua, ndo uvute. Mara nyingi kijipini kilikuwa kimebanwa na uzito wa waya tu na kusukuma kunakiachia. Ikikataa, washa joto la gari toka kwenye aplikesheni, baadhi ya magari yana hita kwenye tundu lenyewe au kitufe cha kuyeyusha barafu hapo, mengine joto la kabini litafika polepole. Unaweza kuweka maji ya uvuguvugu kwenye mfuko wa plastiki usiovuja, ukaufunga vizuri na kuuegemeza juu ya shingo ya plagi dakika kumi. Maji ya moto usimwage moja kwa moja, yataganda tena na sasa yakiwa mengi zaidi, na hapo pana umeme. Dawa za kupuliza usipulize kwenye pini.

Gari nyingi zina kamba ya dharura ya kufungua plagi, iko ndani ya buti au chini ya boneti, soma kitabu chako leo ujue iko wapi ukiwa bado na mwanga na mikono yenye joto. Usiivute kabisa wakati umeme unapita.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu: plagi isiyotumika itundike ikiangalia chini, usiiache kwenye theluji, na ukichaji nje wakati theluji inaanguka funika sehemu ya tundu na kipande cha turubai.

Gari limezima kabisa, skrini nyeusi, mlango haufunguki

Unaweza kuwa na asilimia 70 kwenye betri kubwa na gari likawa maiti. Watu wengi hawajui kwamba gari la umeme nalo lina betri ndogo ya volti 12, inayowasha kompyuta, vitasa, taa, na zile swichi kubwa zinazoiunganisha betri kubwa na mota. Ndogo ikifa, kubwa haina njia ya kuingia kazini. Na ile ndogo mara nyingi bado ni betri ya risasi ya kawaida, baridi inaidhoofisha sana.

Dalili huwa zinaanza kabla: skrini inachelewa kuwaka, maonyo ya ajabu yasiyohusiana yanatokea kwa pamoja, unasikia tiki-tiki-tiki chini ya gari na gari haliingii gia. Ukiona hivyo pima na multimita, kile kifaa cha kupimia volti. Betri ya risasi iliyojaa ikiwa imepumzika inasoma karibu volti 12.6, ikiwa 12.2 ni nusu, chini ya 12 imekwisha. Gari likiwa limewashwa lazima upate zaidi, karibu 13.5 mpaka 14.5, maana hapo kuna kifaa kinachoshusha umeme wa betri kubwa na kuichaji ndogo. Ikiwa gari limewaka na bado unasoma 12 na kitu, kifaa hicho ndo cha kuangaliwa na siyo betri. Magari mengine mapya yana betri ndogo ya lithiamu, hizi namba haziyahusu, fuata kitabu.

Kuliamsha unatumia kibusta cha kubebeka au kubusti toka gari la petroli, chanya kwa chanya, hasi kwenye chuma cha bodi au sehemu iliyotajwa kwenye kitabu. Halihitaji nguvu nyingi, linahitaji tu kompyuta ziamke, zikishaamka betri kubwa inaingia na kuendelea yenyewe. Kinyume chake usifanye, yani gari lako la umeme kumbusti mwenzio, watengenezaji wengi wanakataza. Na kama betri ndogo imevimba au imeganda, usiibusti wala kuichaji, betri ya risasi iliyoisha chaji inaganda kirahisi na ikiingiziwa umeme ikiwa imeganda inaweza kupasuka na kumwaga asidi. Itolewe, iwekwe mpya. Yenye miaka minne au mitano badilisha kabla ya msimu wa baridi, ni hela ndogo kuliko kuvutwa na gari la msaada.

Kama mlango wenyewe umezima, ufunguo wa chuma umefichwa ndani ya rimoti, na tundu lake mara nyingi liko nyuma ya kifuniko kidogo kwenye kitasa. Kuna magari hayana kabisa, hayo unapeleka umeme wa nje kwenye waya mbili za mbele ili boneti ifunguke uifikie betri ndogo. Jua lako ni lipi.

Ukiachia mafuta gari halipunguzi mwendo kama zamani

Uliyezoea kuendesha kwa kanyagio moja, yani ukiachia tu gari linajipunguza mwendo lenyewe, utashtuka. Kurudisha umeme kwenye betri wakati wa kupunguza mwendo ni kuichaji betri, na nimeshasema betri baridi haitaki chaji kubwa, kwahiyo kompyuta inapunguza au inazima huo mvuto wa kupunguza mwendo. Tesla inakuonesha kialama cha theluji au vidoti kwenye skrini, mengine yanaandika ujumbe. Betri ikiwa imejaa 100 ni vilevile. Dakika za kwanza weka mguu tayari kwenye breki, ongeza nafasi mbele, na ukijaza usiku ishia 80 au 90 kama safari haikudai zaidi.

Kuna na upande wa pili. Betri ikishapata joto ule mvuto unarudi, na kwenye barafu unaweza kukutelezesha, hasa gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, maana ni sawa na kufunga breki za nyuma peke yake kwenye kona. Punguza kiwango chake kwenye menyu barabara ikiwa inateleza.

Kwa sababu breki za kawaida hazitumiki sana, diski zinapata kutu haraka kwenye barabara zilizomwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Asubuhi unasikia krrr krrr, ukikanyaga mara kadhaa kwa nguvu sehemu salama inaondoka. Isipoondoka baada ya siku kadhaa, au gari linavuta upande mmoja, pedi zimeshikana, peleka. Na breki ya kupaki ikigandia baada ya kuosha gari, sogeza mbele na nyuma taratibu, usikandamize mota.

Milango, vioo na wipa

Vitasa vinavyolala ndani ya bodi vinaziba barafu. Gonga kwa upande wa ngumi kuzunguka kitasa, siyo juu yake, barafu inapasuka na kinatoka. Mlango usio na fremu ya kioo una shida yake: kioo lazima kishuke kidogo ndo mlango ufunguke, kikiwa kimegandia ukivuta unavunja kioo au raba. Pasha kabini kwanza. Paka silikoni kwenye raba za mlango kabla ya msimu. Wipa usiwashe zikiwa zimeganda kwenye kioo.

Kamera na rada zikizibwa na theluji, kruzi (ile inayoshikilia spidi yenyewe) na msaada wa kukaa kwenye mstari vinazima, futa tu. Taa za LED hazitoi joto la kuyeyusha theluji kama balbu za zamani, kwahiyo zinafunikwa polepole ukiwa njiani na hujui, simama uzifute.

Moshi mbele ya gari na kelele likiwa limepaki

Mvuke mweupe unaotoka mbele wakati gari linachaji au linajipasha, mara nyingi ni pampu ya joto inayeyusha barafu kwenye rejeta yake. Unapotea hewani, hauna harufu. Feni na pampu zikilia usiku gari likiwa kwenye chaji ni kawaida pia. Kinachotisha ni moshi unaotoka chini ya gari, wenye harufu kali ya kemikali, pamoja na mlio wa kufoka au kupasuka. Hapo watu wote watoke, ondokeni mbali, pigeni simu ya zimamoto, usirudi kuchukua begi.

Taa ya matairi imewaka

Presha inashuka karibu psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za baridi. Pima likiwa baridi, jaza kufuata kibandiko cha mlangoni. Tairi moja tu ikishuka tofauti na zingine, ni pancha.

Asilimia zinapotea likiwa limepaki

Angalia kwanza mambo mawili: ulinzi wa kamera umewashwa? na unafungua aplikesheni mara ngapi kwa siku? Kila ukifungua unaliamsha gari, nalo likiamka linakula. Sehemu nyingine ya asilimia haijapotea, imefungiwa tu na baridi na inarudi betri ikipata joto. Likikaa siku nyingi liache kwenye plagi, na kama hakuna plagi usiliache chini ya 20.

Umekwama kwenye theluji na hita imewashwa

Piga hesabu, itakutuliza. Kutunza joto la kabini gari likiwa limesimama kunakula kilowati 1 mpaka 2. Betri ya kilowati-saa 60 ikiwa nusu ina 30, yani masaa 15 mpaka 30. Ukitumia kiti tu na nguo nzito inaenda mbali zaidi. Na hakuna moshi wa ekzosi wa kukuua ukiwa umelala, kitu ambacho kwenye gari la petroli lililozibwa na theluji ni hatari ya kweli. Ila beba blanketi, koleo na kibusta, na usianze safari ya dhoruba ukiwa na asilimia 30.

Lini umwite fundi bila kusubiri

Onyo jekundu la betri kubwa au la insulation (kinga ya kuzuia umeme usivuje), maji ya kupooza yanavuja au yamepungua, hita haitoi joto kabisa hata baada ya nusu saa, chaji inakatika kila kituo, au tatizo lolote hapo juu linabaki gari likiwa na joto. Waya za rangi ya chungwa, zile za umeme mkubwa, usizishike kwa hali yoyote. Kabla hujaenda piga picha ya onyo likiwa bado kwenye skrini, andika joto la nje, asilimia ya betri na gari lilikuwa limekaa nje muda gani, kwa sababu karakana ina joto, gari litafika limepona, na fundi asipokuwa na hizo taarifa atakurudishia funguo akikwambia hajaona kitu.